Mhariri, orodha ya programu kumi haitusaidii sisi tunaorekodi Kigoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee jambo limenikaa rohoni toka niliposoma ukurasa wenu wa vijana, ile makala iliyotaja programu kumi za kuweka efekti, yaani vitu vya kurekebisha na kupamba sauti iliyorekodiwa, kwenye muziki kwa kutumia tableti. Mi narekodi kwaya na vijana wa bongo fleva hapa Kigoma mjini, chumba changu kiko Mwanga, na toka makala ile itoke wameshakuja vijana watatu na gazeti mkononi, kaka hii namba nne nayo niidanlodi? kaka hii namba saba si ndo wanayotumia wakubwa? Memori zao zimejaa, bando limeisha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo kwangu ndo la kwanza kabisa, sauti yangu ina shida gani.

Nianze kwa kusema makala mlifanya vizuri kuiandika, manake wengi bado wanadhani bila kompyuta kubwa na chumba chenye sponji ukutani huwezi kutoa wimbo wa maana. Sisi huku tumeingia kwenye tableti kwa sababu ya msingi kabisa, umeme. Kigoma ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, tukiishi kwa majenereta ya dizeli, na waliokuwa na studio enzi hizo wanajua kompyuta ya mezani ikizimika katikati ya kurekodi unaanza upya na mwimbaji ameshachoka. Tableti ina betri yake, unaibeba kwenye begi mpaka kanisani, mpaka kijijini, unachomeka maiki ya USB unarekodi. Na siku hizi hata neno kishikwambi halimshangazi mtu, toka vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vigawiwe kwa walimu kuna walimu wa kwaya wanaandika noti zao humohumo. Kwaiyo swali la programu zipi zinafaa ni la kweli na linagusa watu, ndo maana naumia likijibiwa kwa orodha.

Nieleze kilichonipata, wengine wasipite palepale.

Mwaka juzi nilichukuliwa na kwaya moja ya vijiji vya huku chini kusini mwa ziwa, nikapanda boti alfajiri, tableti moja, maiki mbili, waya na pawabenki. Nilikuwa na programu moja ya mwangwi nzuri sana, nalipia kila mwezi, na kwa kweli ilikuwa inapendeza, sauti inakaa kama iko kwenye ukumbi wa mawe. Nilikuwa nimeiweka kwenye kila sauti ya nyimbo nne tulizokuwa tumeshaanza mjini. Tumefika, jioni watu wamekusanyika, wamama wametoka shamba wamenawa wamevaa sare, mi nafungua kazi yangu, programu inasema ingia kwenye mtandao uthibitishe malipo. Mtandao wenyewe kule unaupata ukipanda kile kilima nyuma ya shule, nimepanda, haukutosha. Nimerudi, nimefungua tena, sauti zote zilizopita kwenye ile efekti ziko kimya. Nyimbo nne, kazi ya wiki mbili, zimekaa pale naziona kwa macho, mistari ya sauti inapita, hakuna kitu kinatoka. Mwalimu wa kwaya ananiangalia. Nilikuwa nimelipa, siyo kwamba nilikuwa sijalipa.

Usiku ule niliitoa ile efekti sauti moja baada ya nyingine, nikaweka mwangwi wa kawaida uliokuja na programu kubwa yenyewe ya kurekodia, ule ambao nilikuwa nauona wa kitoto. Nikaushusha mpaka ukawa hausikiki isipokuwa ukiuzima. Mwalimu akavaa hedifoni akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, akasema hapa sasa maneno nayasikia, mjini ulikuwa umeyafunika. Nilikaa kimya, manake alikuwa anasema kweli.

Toka siku hiyo nina masharti matatu kabla sijaingiza programu yoyote ya efekti kwenye tableti yangu, na ndo haya nilitamani makala yenu ingeyasema. La kwanza, naizima intaneti kabisa, naweka hali ya ndege, nafungua. Ikikataa nafuta siku hiyohiyo. La pili, inaingia ndani ya programu ninayorekodia au inataka nitoe wimbo, niupeleke kwake, niurudishe? Zile za kutoa na kurudisha zinakula muda na ukikosea kidogo hujui tena faili lipi ni lipi. La tatu, ina kazi gani ambayo niliyo nayo haifanyi. Hapo kwenye la tatu ndo programu nane kati ya kumi zinadondoka.

Hilo la pili nalifafanua kidogo manake hapo watu wanapoteza hela, na linategemea una tableti gani. Kwenye iPad kuna mfumo unaitwa AUv3, ulikuja na iOS 9, mfumo uliokuwa unaendesha iPad, mwaka 2015, huo ndo unaofanya efekti ya kampuni moja ifunguke ndani ya programu ya kampuni nyingine na ikumbuke ulivyoiweka ukifungua kazi yako kesho. GarageBand ambayo ni programu ya kurekodia ya bure inazipokea, Cubasis nayo ya kurekodia inazipokea, na AUM ambayo ni kama meza ya kumiksia inazipokea vizuri mno, mi naitumia kwa live kanisani. Zamani kulikuwa na njia nyingine inaitwa Inter-App Audio, Apple wenyewe walishatangaza kuiacha toka iOS 13 mwaka 2019, ila bado unakuta programu za kale dukani zinaitegemea. Kwaiyo kabla ya kununua soma maelezo, tafuta herufi hizo AUv3, usipoziona acha. Na waliotaka vya kiwango cha juu, FabFilter walileta efekti zao iPad na bei yake ni ndogo kuliko ileile ya kompyuta, unalipa mara moja basi. Hiyo mi naiheshimu.

Kwenye Android hali ni nyingine na makala yenu haikugusa kabisa wakati huku mtaani wengi wana Android. Huko hakuna mfumo mmoja kama huo unaokubalika na kila programu, kwaiyo efekti unazopata kwa sehemu kubwa ni zile zilizomo ndani ya programu kubwa uliyochagua. Maana yake ni kwamba we wa Android usianze kutafuta efekti, anza kutafuta programu ya kurekodia yenye efekti nzuri ndani yake. FL Studio Mobile inazo, Cubasis 3 ilifika Android na efekti zake, BandLab ni ya bure ila kazi zako zinakaa mtandaoni kwaiyo pima na bando lako. Ambayo mi nawaambia watu wa Android waijaribu ni Audio Evolution Mobile, haina jina kubwa mtaani lakini ina njia yake yenyewe ya kusoma maiki za USB, na ndani yake unaweza kununua efekti za ToneBoosters ambazo ni za kazi kweli, ikwalaiza na kompresa (nazieleza chini) zinazofanya unachoziambia. Kijana mmoja wa Gungu anarekodi nayo kwenye tableti ya bei ya chini kabisa na ukisikia kazi yake huwezi kujua.

Sasa efekti zenyewe. Mtu anayeanza anahitaji nne, ikwalaiza ya kupunguza au kuongeza sauti nene na nyembamba, kompresa ya kubana sauti zinazopaa, mwangwi yaani rivabu, na dilei ya kurudia sauti baada ya muda mfupi. Limita, inayozuia sauti isivuke kilele, utaikuta mwishoni. Ototyuni, ile ya kunyoosha noti, nitaisema.

Ikwalaiza ndo mama. Chumba changu kiko karibu na barabara na bodaboda hazikomi, nikirekodi kanisani huku chini kuna injini za boti, ule muungurumo unaingia kwenye maiki hata kama sikio limeshauzoea halisikii tena. Unaweka ikwalaiza unakata chini. Lakini unakata wapi? Hapa ndo vijana wanaharibu, wamesoma mahali kata hezi 120 (hezi chache ni sauti nene, nyingi ni nyembamba) basi wanakata 120 kwa kila mtu. Mzee wa besi kwenye kwaya noti zake za chini zinashuka mpaka karibu hezi 80, ukimkata 120 umemtoa kifua, anabaki kama anaongea kwenye simu. Mi wanaume wa besi nakata kwenye 70, dada zetu wa soprano naweza kupanda mpaka 120 au 150 bila kuwaumiza. Alafu kuna pale kati ya 200 na 400, hapo ndo ukungu wa chumba unakaa, hasa ukirekodi kwenye chumba kidogo cha kuta za simenti, ukishusha desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) mbili au tatu tu sauti inafunguka kama mtu ametoa nguo mdomoni. Na zile "s" zinazochoma masikio ziko juu kwenye kilohezi 5 mpaka 8, Kiswahili kina "s" na "sh" nyingi, sikiliza neno kama "msalaba" au "nishushie" kwa hedifoni utanielewa.

Kazi yote hiyo inafanywa na ikwalaiza yoyote, hata ile ya bure ndani ya GarageBand. Tofauti ya zile za hela ni kwamba unaona mchoro wa sauti vizuri na unaweza kukata sehemu nyembamba zaidi, inasaidia, ila sikio lisilojua linatafuta nini halisaidiwi na mchoro.

Kompresa watu wanaiogopa kwa sababu ina vitufe vingi, we anza na viwili. Uwiano uwe 3 kwa 1, yaani sauti ikivuka mstari, kile kiwango unachokiweka wewe, kwa desibeli 6 inatoka imevuka kwa 2 tu. Alafu shusha ule mstari polepole huku mwimbaji anaimba pale anapopaza zaidi, ukiona mshale unarudi nyuma desibeli 4 au 5 simama hapo. Ukiendelea, pumzi zake zinaanza kusikika kubwa kuliko maneno. Kwa kwaya nzima mi napunguza zaidi, 2 kwa 1, manake kwaya kupanda na kushuka ndo uimbaji wenyewe, ukiibana ikawa mstari mmoja umeiua.

Mwangwi sasa. Mwangwi ndo ugonjwa wetu, niseme wazi. Kila programu mpya ikifunguliwa inakuja na priseti (mpangilio uliotayarishwa) ya kwanza ina mwangwi mkubwa, ukumbi wa kifalme, pango, sijui anga za juu, kijana akisikia sauti yake imeelea huko anaona amefika. Ukimpigia kwenye spika ya bajaji hakuna neno hata moja linasikika. Nawaambia fanya hivi, usiweke mwangwi juu ya sauti yenyewe, tengeneza njia ya pembeni moja ya mwangwi, kila mwimbaji umpeleke kidogokidogo humo, hapo wote wanakaa chumba kimoja na tableti yako haihemi manake unaendesha mwangwi mmoja badala ya kumi na mbili. Mwangwi wa sekunde moja na kidogo unatosha kwa wimbo unaotembea. Na kuna kitufe cha kuchelewesha mwangwi kabla haujaanza, ukiweka milisekunde 20 mpaka 30 neno linatoka kwanza ndo mwangwi unafuata, maneno yanabaki safi. Hicho kitufe kimoja kinazidi tofauti ya programu ya bure na ya hela. Nikipewa nichague kati ya mwangwi wa elfu sabini usio na kitufe hicho na wa bure ulio nacho, nachukua wa bure bila kufikiri.

Mle ndani utakutana na neno "plate", ni sahani. Asili yake ni bati la chuma kwelikweli lililoning'inizwa kwenye fremu, Wajerumani walitengeneza moja inaitwa EMT 140 mwaka 1957, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, studio zilikuwa zinatenga chumba kwa ajili yake. Leo iko kwenye tableti ya mtoto wa Katubuka bila hela. Nikilifikiria hilo huwa nafurahi sana, na ndo maana naumia ikitumika vibaya. Kwa sauti ya mtu mmoja anayeimba bongo fleva sahani inakaa vizuri kuliko ukumbi, jaribu.

Ila hakuna programu inayotoa mwangwi ulioingia kwenye maiki siku ya kurekodi, si kwa usafi unaoutaka. Kanisa la bati na sakafu ya simenti likiwa tupu linavuma vibaya, watu wakijaa linatulia kwa sababu miili na nguo zinakunywa sauti. Kwaya haiwezi kujaza watu kila siku ya kurekodi, kwaiyo tunatundika blanketi na magodoro nyuma ya waimbaji, maiki tunaisogeza karibu, mvua ikianza kugonga bati tunaacha tunakunywa chai. Blanketi manne yameniokolea zaidi ya programu zote nilizowahi kununua.

Dilei ina hesabu yake na ni rahisi, chukua 60,000 gawa kwa kasi ya wimbo. Wimbo wa biti 100 kwa dakika unapata milisekunde 600, nusu yake 300, ukiweka hapo mwitikio unadondoka juu ya mpigo badala ya kukanyagana nao. Programu nyingi zinafanya zenyewe ukiziambia zifuate kasi ya wimbo, hakikisha unayochagua ina uwezo huo, isiyo nayo iache.

Ototyuni mi siipingi. Ila lazima uiambie wimbo uko kwenye ufunguo gani, ukiiacha ichague yenyewe inavuta noti mahali siko. Na nyimbo zetu za kienyeji, ukimrekodi bibi anaimba Kiha, kuna noti zinakaa katikati ya zile za kinanda, zile siyo makosa, usiziguse. Nilishuhudia kijana amezinyoosha zote, alivyompigia bibi akamuuliza huyu ni nani anaimba wimbo wangu.

Jambo lingine linaloonekana dogo lakini linaleta kilio, sauti kuchelewa kwenye hedifoni. Mtu anaimba na hedifoni za Bluetooth, sauti inachelewa mara nyingi zaidi ya milisekunde 100, mwimbaji anajisikia anajifuata nyuma, anaanza kuburuta, alafu anailaumu programu ya efekti. Rekodi kwa waya. Alafu ndani ya mipangilio kuna ukubwa wa bafa, yaani vipande vya sauti ambavyo tableti inakusanya kabla ya kuvipitisha, ukirekodi weka 128 au 256, kwa kipimo cha vipande 44,100 kwa sekunde hiyo 256 ni karibu milisekunde 6, hakuna anayeisikia. Ukianza kumiksi na efekti zimejaa panda mpaka 1024 tableti ipumue. Tableti ya zamani ikianza kukwaruza siyo lazima ununue nyingine, toa faili jipya la sauti lenye efekti tayari ndani yake, alafu zima ile efekti. Mi sasa nafanya hivyo kwa kila sauti ikikamilika, na ile kavu naitunza pembeni na jina lake. Ningekuwa nafanya hivyo toka mwanzo, ule usiku wa kule ziwani usingetokea.

Limita usishindane nayo kutafuta makelele. Spotify kwa kawaida inazileta nyimbo zote kwenye karibu LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) 14 chini ya sifuri, kwaiyo wimbo ulioubana mpaka ukapasuka utashushwa uwe sawa na wa mwenzako, ila wako utabaki umepasuka. Acha kilele kiishie desibeli moja chini ya sifuri, sikiliza kwenye spika ya simu, kwenye redio ya daladala, kwenye spika moja tu, kisha peleka.

Wakubwa wetu wa jirani Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz walikuwa wanarekodiwa Redio Tanzania bendi nzima chumba kimoja, maiki zimepangwa kwa akili, ukisikiliza leo gitaa la pili unalisikia na maneno yote unayasikia. Nawapigia vijana wangu rekodi hizo kabla hawajagusa efekti yoyote, wanakaa kimya dakika nzima, alafu mmoja lazima aulize walitumia programu gani.

Ombi langu kwako Mhariri ni hili. Mkirudi kwenye mada hii, na naomba mrudi, kila programu mtakayoitaja mseme inafanya kazi bila intaneti au haifanyi, ni ya tableti gani, unalipa mara moja au kila mwezi, na mtu asiye na kadi ya benki anailipiaje kutoka kwenye simu yake, manake hapo wengi wanakwama na wanaishia kuchukua za wizi zinazokuja na virusi. Mkitaka mtu wa kuzijaribu huku kwenye mtandao wa kuvizia nipo, na tableti ninayo ya Android na iPad ya zamani, nitazifungua zote kwenye boti nikiwa katikati ya ziwa nione ipi inafunguka.

Mrekodi wa kwaya,
Mwanga, Kigoma